Kukodi Gari kwa Bei Nafuu: Tathmini ya Tovuti, Madalali na Kampuni Zenyewe

Mtu anayetafuta gari la kukodi leo hakosi pa kuanzia. Zipo tovuti za kulinganisha bei, wapo madalali wanaouza nafasi kwa niaba ya kampuni, zipo kampuni zenyewe, na yapo majukwaa ambako watu binafsi hukodisha magari yao. Nimezitumia njia hizo zote kwa miaka kadhaa, na hukumu yangu naitoa mapema: tafuta kwenye tovuti za kulinganisha, lakini weka nafasi kwenye kampuni yenyewe, ukichagua bei inayolipwa siku ya kuchukua gari na inayoweza kufutwa bila kukatwa chochote, kisha endelea kuichungulia bei hiyo hadi safari ifike. Ninayoeleza hapa chini ni sababu za hukumu hiyo, pamoja na mahali ambapo nisingeshauri kuifuata.

Nianze na tovuti za kulinganisha, kwa sababu ndizo zinazotumiwa na wengi na zinastahili sifa zake. Kayak na Skyscanner hufanya vizuri kazi moja kubwa: kwa dakika chache huonyesha hali ya soko zima katika mji na tarehe unazozitaka, ukajua bei ya kawaida ya gari dogo iko wapi, na ni kampuni zipi bado zina magari. Kazi hiyo, kwa kupita tovuti ya kila kampuni, ingekula nusu ya siku. Udhaifu wake uko kwenye mpangilio. Orodha huvutia macho kwenye bei ya chini kabisa, na bei ya chini kabisa aghalabu haina ndani yake mambo ambayo mteja hawezi kuondoka kaunta bila kuyalipia. Safu ya juu nimezoea kuikuta ikiwa ya kampuni isiyo na kaunta ndani ya uwanja wa ndege, inayozuia amana kubwa kwenye kadi, na ambayo kikomo chake cha kilomita kwa siku kinaonekana tu baada ya kufungua ukurasa wa masharti. Kwa hiyo tovuti hizi nazipima kwa uwezo wake wa kuchuja. Ile inayoniwezesha kuondoa magari yenye kikomo cha kilomita, kubakiza yale unayoyachukua na kuyarudisha tenki likiwa limejaa, na kuona hasa ni wapi gari linachukuliwa, hiyo ndiyo inayonifaa, hata kama bei zake za mwanzo zinaonekana kuwa juu kidogo.

Jambo moja ambalo haziliweki wazi ni undugu wa majina zinayoyashindanisha. Enterprise, National na Alamo zina mmiliki mmoja. Hertz ndiyo yenye Dollar na Thrifty. Avis na Budget ni kampuni moja. Hata miongoni mwa tovuti zenyewe, Kayak na Rentalcars.com zote ziko chini ya Booking Holdings. Mteja anayedhani kwamba amelinganisha washindani kumi huenda amelinganisha wanne au watano. Hata hivyo undugu huo una faida yake: katika vituo vingi majina ya mmiliki mmoja hutumia uwanja mmoja wa magari, na wakati mwingine kaunta moja, lakini bei zake hazilingani. Ukishaona bei ya Avis, itazame na ya Budget kwa tarehe zilezile. Ukiona ya Hertz, pitia Dollar na Thrifty kabla ya kuamua. Gari laweza kuwa la aina ileile. Kinachobadilika ni urefu wa foleni na upendeleo wanaopewa wanachama wa muda mrefu, na kwa msafiri wa mara moja kwa mwaka hayo si mambo ya kulipia.

Zipo pia herufi nne ambazo watu wengi huzipita bila kuzisoma, nazo zina uzito kuliko picha ya gari iliyo kando yake. Ni msimbo wa ACRISS, unaotumiwa na kampuni kubwa ili daraja la gari lieleweke kwa namna moja kila mahali. Herufi ya kwanza hutaja ukubwa wa gari, ya pili hutaja umbo na milango, ya tatu hutaja gia, na ya nne hutaja mafuta pamoja na kiyoyozi. CDMR ni gari la ukubwa wa wastani wa chini, lenye milango minne au mitano, gia za mkono na kiyoyozi. CDAR ni gari hilohilo lenye gia otomatiki. Tofauti ni herufi moja, lakini katika nchi ambako magari mengi ni ya gia za mkono, herufi hiyo yaweza kupandisha bei sana, na asiyeweza kuendesha gia za mkono akiikosea atajikuta kaunta akiomba gari ambalo halipo. Picha huambatana na maneno "au linalofanana nalo", maana yake kampuni haikuahidi gari lile la pichani. Ilichoahidi ni zile herufi nne.

Sasa madalali. Rentalcars.com na Discover Cars ni mifano inayojulikana, na mashirika mengi ya ndege yanapokuuzia gari mwishoni mwa kununua tiketi, nyuma ya ukurasa ule kuna dalali pia, mara nyingi CarTrawler ya Dublin. Madalali hupata bei za jumla, na sitakuwa mkweli nikisema kwamba hazina maana: katika miji ya kitalii, hasa nje ya msimu, nimeona tofauti kubwa kati ya bei ya dalali na bei ya kampuni kwa gari lilelile na kituo kilekile. Bei hiyo ina masharti yake. Anayepitia kwa dalali ana mapatano mawili, moja na dalali aliyepokea fedha na jingine na kampuni inayotoa gari, na likitokea tatizo kila upande una mwingine wa kumwelekezea mteja. Ndege ikichelewa na kaunta ikafungwa, kampuni itasema nafasi ni ya dalali, na dalali atasema gari ni la kampuni. Kubadili saa ya kuchukua gari, jambo ambalo kampuni yenyewe hulifanya kwa simu moja, kwa dalali huweza kuwa ni kufuta nafasi na kununua upya kwa bei ya siku hiyo. Kwa hiyo naona dalali anafaa pale tu ambapo tofauti ya bei ni kubwa, safari haitabadilika, na kufuta nafasi hadi saa 48 kabla ya safari ni bure.

Bima ndiyo sehemu ambako bei nafuu hupotea zaidi, na hapa naomba msomaji anivumilie nikikaa kidogo. Kinachoitwa CDW kwenye mikataba kwa kawaida si bima. Ni ahadi ya kampuni kwamba gari likiharibika haitakudai zaidi ya kiasi fulani. Bima ya mtu wa tatu, inayolipa madhara uliyowafanyia wengine, ni jambo jingine. Barani Ulaya bei nyingi huja na CDW ndani yake, lakini kiasi kinachobaki juu ya mteja kabla ya ahadi hiyo kuanza kufanya kazi huwa kikubwa, wakati mwingine kikizidi gharama yote ya kukodi. Nchini Marekani bei ya msingi mara nyingi haina CDW kabisa kwa mteja anayeishi huko, kwa sababu wengi hutegemea bima ya gari lao la nyumbani au kadi ya mkopo, ilhali mteja anayetoka nje akijaza nchi anayoishi kwa usahihi anaweza kuonyeshwa bei iliyojumuisha CDW na bima ya mtu wa tatu. Ndiyo sababu kisanduku kidogo kinachouliza nchi unayoishi si cha kujaza ovyo. Kinabadilisha bei, na kinabadilisha kilichomo ndani ya bei.

Kile kiasi kinachobaki juu ya mteja ndicho mhudumu wa kaunta huuza njia ya kukiondoa, kwa malipo ya kila siku ambayo kwa safari ndefu huweza kukaribia kodi ya gari lenyewe. Dalali naye huuza kinga yake, tena kwa bei ndogo zaidi, na hapa pana kutoelewana ambako nimekushuhudia kwenye foleni zaidi ya mara moja. Mteja husema kwa uhakika, "Mimi nimeshalipia bima kubwa," na mhudumu humjibu kwamba kwenye mfumo wake haioni. Wote wawili wanasema kweli. Kinga ya dalali ni ya kurudishiwa: gari likikwaruzwa, kampuni inakata fedha kwenye kadi yako, kisha wewe unadai kwa dalali ukiwa na mkataba, taarifa ya uharibifu na risiti. Amana nayo inabaki palepale. Kinga hiyo ina thamani yake, ilimradi unayeinunua unajua kwamba kadi yako lazima iweze kubeba gharama mwanzoni.

Kwa anayekodi gari zaidi ya mara moja kwa mwaka, napendekeza bila kusita bima ya mwaka mzima inayonunuliwa kwa kampuni huru ya bima, katika nchi ambako inauzwa. Hufanya kazi kama ile ya dalali, kwa kurudishiwa, lakini mara nyingi bei yake ya mwaka haizidi sana malipo ya kaunta ya siku chache. Kadi za mkopo zenye kinga ya gari la kukodi ni nzuri pia, mradi usome vitu visivyomo: kioo cha mbele, tairi, rimu, paa na sehemu ya chini ya gari ndivyo huachwa nje mara nyingi, na ndivyo huumia mara nyingi. Kuweka dizeli kwenye gari la petroli nako kinga nyingi hazikulipii.

Sababu ya kusisitiza nafasi inayofutika ni namna bei zinavyopangwa. Gari lililoegeshwa bila mteja halileti kitu, na kampuni hupandisha na kushusha bei kila siku kwa kutazama magari mangapi yamebaki kwenye kituo kile kwa tarehe ile. Ukubwa wa jambo hili ulionekana kwa kila mtu mwaka 2020, safari ziliposimama: Hertz iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Mei mwaka huo, na kampuni nyingi ziliuza sehemu kubwa ya magari yao. Mwaka 2021 wasafiri waliporudi, upungufu wa vipuri vya kielektroniki ulikuwa umevibana viwanda vya magari, magari mapya hayakupatikana, na bei za kukodi zikapaa. Kwa kipimo kidogo hali hiyohiyo hutokea kila juma katika kila mji: mkutano mkubwa ukija bei hupanda, mkutano ukiahirishwa hushuka. Mwenye nafasi isiyolipiwa mapema hana cha kupoteza. Bei ikipanda anabaki na yake. Ikishuka, anaweka nafasi mpya kwanza, anahakikisha imekubaliwa, ndipo anaifuta ya zamani. Kwa safari za ndani ya Marekani ipo AutoSlash, ambayo hufuatilia bei ya nafasi uliyokwisha kuiweka na kukutaarifu ikishuka, na naiona kuwa mojawapo ya huduma chache katika biashara hii inayofanya kazi kwa upande wa mteja. Kwingineko, mtu anaifanya kazi hiyo mwenyewe. Yatosha kutazama mara moja kwa juma, na mara nyingine siku chache kabla ya safari.

Bei ya kulipa papo hapo huwa chini kidogo kuliko ya kulipa baadaye, na wengi huichukua kwa sababu hiyo. Mimi huiacha, isipokuwa tiketi ya ndege nayo haibadiliki na tofauti inaonekana. Asiyefika kabisa baada ya kulipa kabla hupoteza sehemu ya fedha au zote, na anayefika bila hati zinazotakiwa huhesabiwa vilevile kama ambaye hakufika.

Saa nazo zina bei. Siku ya kukodi ni saa 24 tangu gari lilipochukuliwa, wala haifuati kalenda. Gari lililochukuliwa saa nne asubuhi na kurudishwa saa saba mchana siku ya mwisho limeongeza saa tatu, na saa hizo zaweza kutozwa kama siku nzima. Kampuni nyingi husamehe muda usiofikia nusu saa tu. Ukisogeza saa ya kuchukua mbele kidogo, bei yote inaweza kushuka. Jaribu pia juma zima hata kama unahitaji siku tano, kwa kuwa bei ya juma mara nyingine ni ndogo kuliko ya siku tano zikihesabiwa mojamoja. Lakini usichukue ya juma ukarudisha gari mapema bila kuuliza, maana kampuni nyingi zitapiga hesabu upya kwa bei ya siku.

Kuhusu kituo: uwanja wa ndege hutoza kampuni kwa kufanyia biashara hapo, na tozo hiyo humfikia mteja. Ofisi za mjini kwa hiyo huwa nafuu, hasa kwa kukodi kwa muda mrefu, ila nyingi hufungwa mapema Jumamosi na hazifunguliwi Jumapili. Hesabu nauli ya kufika huko kabla ya kufurahia. Kurudisha gari mji mwingine huleta nyongeza ambayo wakati mwingine inazidi kodi yenyewe.

Majukwaa ya watu binafsi, yakiongozwa na Turo, iliyoanza kwa jina la RelayRides na kubadili jina mwaka 2015, nayaheshimu kwa jambo moja: unapata gari lenyewe unaloliona pichani, pamoja na maoni ya waliolitumia. Kwa anayetaka gari la aina maalumu, au aliye mbali na kituo cha kampuni, ni njia nzuri. Kama njia ya kupata bei ya chini, sijaiona ikishinda mara kwa mara baada ya ada ya jukwaa na kinga kuongezwa, na kadi nyingi za mkopo hazikingi magari ya namna hii. Mwenye gari akighairi asubuhi ya safari, hakuna uwanja wenye magari mengine nyuma yake. Kwa safari yenye ratiba ngumu nisingeitumia.

Tukirudi kaunta, mambo mawili huamua kama utapewa ufunguo. La kwanza ni kadi: kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, na kadi ya mwenzi wako, hata amesimama kando yako, haitakubaliwa. La pili ni leseni. Kibali cha kimataifa cha udereva hutolewa chini ya mkataba wa Geneva wa 1949 au ule wa Vienna wa 1968, na nchi hazikubali vyote sawasawa. Japani, kwa mfano, hutambua kile cha 1949 tu. Kibali hicho hakifanyi kazi bila leseni yako ya asili. Dereva aliye chini ya miaka 25 atarajie nyongeza katika sehemu nyingi.

Mhudumu atakupa pia gari kubwa zaidi "kwa nyongeza ndogo kwa siku". Mwombe aandike jumla ya nyongeza hiyo kwa safari yote, pamoja na kodi za serikali, kabla ya kujibu. Kumbuka pia kwamba magari ya daraja dogo kabisa huisha kwanza. Yakiwa yamekwisha, ni desturi ya kampuni kukupandisha daraja bila malipo, kwa hiyo uliza kwanza kama gari uliloweka lipo. Tangu mazungumzo ya Tume ya Ulaya na kampuni kubwa tano mwaka 2015, kampuni hizo ziliahidi kuweka gharama za lazima ndani ya bei ya kwanza na kueleza wazi masharti ya bima na mafuta, na kwenye tovuti zao nimeona mabadiliko. Kaunta bado inategemea aliyesimama nyuma yake.

Ukipewa ufunguo, lizunguke gari polepole huku simu ikirekodi. Anza na bampa ya mbele, shuka chini yake, pita kila rimu kwa karibu, panda kwenye kioo cha mbele ukikitazama kwa pembe ili mwanga uonyeshe vipasuko, kisha paa, na umalize kwa dashibodi inayoonyesha kilomita na mafuta. Safari moja, wakati wa kurudisha gari, mfanyakazi wa kampuni ambayo sitaitaja aliinama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa rimu ya nyuma kushoto, akaanza kuandika. Nilimwonyesha video: mkwaruzo ule ulikuwepo, wenye umbo lilelile, na saa ya kurekodiwa ilitangulia kutoka kwangu getini. Alifuta alichoandika, akanipa risiti.

Risiti hiyo ya kufunga mkataba, yenye neno kwamba gari limepokelewa bila uharibifu mpya, idai hata kama una ndege ya kuwahi, na unaporudisha gari ofisi ikiwa imefungwa, rekodi tena kabla ya kutia ufunguo kisandukuni, kwa sababu katika mikataba mingi gari linabaki mikononi mwako hadi ofisi itakapofunguliwa. Amana huachiliwa baada ya siku kadhaa kulingana na benki. Faini za barabarani na ushuru wa barabara hufika baadaye zaidi, zikiwa na ada ya kampuni ya kushughulikia karatasi juu yake. Tunza mkataba na video hadi miezi michache ipite.